Mzinga Umekuwa Mkali Ghafla? Tafuta Mayai Kabla ya Kutafuta Kiberiti

Nyuki wetu wa Afrika si wapole hata siku njema. Jamii hiyo hiyo ndiyo iliyopelekwa Brazil mwaka 1956, na kizazi chake kikaja kuitwa "nyuki wauaji" kule Marekani. Kwa hiyo kufuatwa hatua ishirini si habari. Habari ni mzinga uliofunguka vizuri mwezi jana, leo unakufukuza hadi mlangoni. Kwanza uliza: nyegere ameutikisa usiku? Siafu wameupanda? Kuna aliyefyeka majani karibu? Kama hakuna, shuku kwamba malkia hayupo.

1. Fungua saa 11 jioni, mwanga uwepo wa kuona mayai na giza likukute umemaliza. Jaza bomba la moshi maranda au magunzi pamoja na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Pulizia kiganja chako: moshi ukikuunguza, utawachokoza. Puliza mara 3 mlangoni, subiri dakika 2. Ukichomwa, kwangua mwiba kwa kucha na upulizie moshi hapo hapo. Mwiba unaacha harufu ya ndizi mbivu, nayo ndiyo inayowaita wengine.

2. Usimwinde malkia, tafuta mayai. Shika sega wima (la mzinga wa viunzi, yaani wa vijiti vya juu ambavyo sega linaning'inia, ukililaza linakatika), mwanga utokee nyuma ya bega lako. Yai ni kama kipande cha uzi mweupe kimesimama chini ya tundu. Ukiliona, malkia alikuwepo ndani ya siku 3 zilizopita.

3. Hakuna mayai wala mabuu? Toa sega lenye mayai kwenye mzinga mpole, kung'uta nyuki wote, lipachike katikati ya mzinga mkali. Rudi siku ya 5. Ukikuta vyumba vya malkia, vinavyoning'inia kama karanga zenye maganda, hawakuwa na malkia na wameanza kumlea. Funga, usiwaguse kwa wiki 3. Malkia mpya akisumbuliwa kabla ya kuzoea, mara nyingi anauawa au kundi linahama. Mayai yake tarajia kuanzia siku ya 25 hadi 30. Wasipojenga chochote, huenda malkia mchanga yupo ila hajaanza kutaga.

4. Malkia yupo, na ukali haupungui? Hapo ni damu, ukali wa kurithi kwa malkia. Muue malkia. Siku ya 8 vunja kila chumba cha malkia walichojenga, hata kile kilichojificha pembeni mwa sega. Ukikiacha kimoja, umemrudisha binti wa yule yule. Sasa hawana buu changa la kulea, wape sega la mzinga mpole. Upole utauona baada ya miezi 2 hivi, vibarua (nyuki wafanyakazi) wa zamani wakiisha. Hakuna uhakika kamili, maana malkia mpya anapandwa na madume ya porini.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, naona mayai matatu matatu kwenye tundu moja, mengine ubavuni. Malkia mzembe?*
Hapana, ni vibarua wanaotaga, na watazaa madume tu. Wape sega la mayai kila wiki, mara 3. Kundi likiwa limebaki dogo usipoteze masega: likung'ute mbele ya mzinga wenye nguvu, uondoe mzinga wao.

*Nina mzinga mmoja tu, sega nitoe wapi?*
Omba kwa mfugaji wa karibu. Lifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, usilipitishe juani, lifike ndani ya saa moja.

*Mbuzi wangu wamefungwa mita 10 kutoka mzinga. Nihamishe mzinga?*
Leo hii hamisha mbuzi. Mnyama aliyefungwa hana pa kukimbilia. Mzinga ukiusogeza mita 50, nyuki watarudi pale pale pa zamani. Ukilazimika kuuhamisha, ziba mlango usiku kwa wavu unaopitisha hewa, uupeleke zaidi ya kilomita 5.