Pampu ya petroli haishuki kisimani, hata kwa dakika mbili

Kiangazi kikikaza maji ya kisima yanashuka, mpira wa kuvuta upo ila pampu inanguruma bure, maji hayaji na nyanya zinanyauka, basi mtu anapata wazo la kuifunga pampu kamba aiteremshe karibu na maji. Hapo ndo watu wanapofia jamani.

Kwanza ujue kwa nini inagoma. Maji yanapanda kwenye mpira kwa sababu hewa ya nje inayasukuma, na nguvu ya hewa ina kikomo, ukanda wa pwani ni kama mita 7 hivi toka maji hadi pampu kwa kazi halisi, ukiwa Njombe kule juu inapungua zaidi. Hata ununue injini kubwa namna gani kikomo hakiongezeki, ila muuza duka atakuuzia tu.

Sasa ukiiwasha mle ndani, moshi wake una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na kisima chembamba hakina pa kuitolea. Inakaa kwenye damu nafasi ya oksijeni, kichwa kinagonga, kizunguzungu, miguu inalegea na ngazi huiwezi tena. Kuna wale wa kuteremsha mshumaa eti ukiwaka kuko salama. Uongo huo, mshumaa unategemea oksijeni tu, sumu inaweza kuwepo ya kuua na mshumaa unawaka vizuri kabisa. Kuzima injini nako hakusaidii, gesi inabaki mle muda mrefu. Mwenzio akianguka usimfuate!! Anayefuata anaanguka juu yake, na wa tatu vilevile. Kama ana kamba mwilini mvuteni kutoka juu, na Zimamoto wapigieni 114 hapohapo.

Kisima kirefu dawa yake ni pampu ya umeme ya kuzama majini, ya sola au ya TANESCO, maana hiyo inasukuma kutoka chini. Ila nayo ina masharti yake. Breka ya kawaida inalinda waya usiungue, wewe haikulindi, umeme kidogo tu unaopita mwilini unaua na breka imetulia zake. Mwambie fundi afunge na ile ya kukata umeme ukivuja, imeandikwa 30mA, pamoja na athi ya uhakika, yaani waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini. Maungio ya solotepu yanayolala kwenye tope la mfereji ndo usiyatake kabisa, na pampu itundikwe kwa kamba yake, usiivute kwa waya.

Kabla hujagusa pampu au bomba la chuma, zima meini swichi kwanza, na kama kuna watu wengine shambani funga boksi kwa kufuli ufunguo ukae mfukoni mwako, maana kuna mtu ataona maji hayatoki ataenda kuwasha bila kuuliza.