Namna ya Kupima Tetesi za Kubadilishana Wachezaji kati ya Timu Mbili za Besiboli za Jiji Moja

Kila mwaka inapokaribia siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani, siku ambayo kwa kawaida huangukia mwishoni mwa Julai au mwanzoni kabisa mwa Agosti, huzuka tetesi kwamba Cubs na White Sox wa Chicago, au Yankees na Mets wa New York, wamekaa mezani. Tetesi hizo huwasha mjadala haraka kwa sababu zinawagusa watu wanaoishi mtaa mmoja, wanaofanya kazi ofisi moja, na wakati mwingine ndugu wa nyumba moja ambao kila mmoja ana timu yake. Nyingi huishia hewani. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzipima kabla ya kuziamini, na huwezi kuzipima vizuri bila kwanza kufahamu kwa nini timu hizi jirani, ambazo hata hazigombei nafasi moja katika msimamo, huogopana kiasi hicho.

Fahamu kinachotolewa na kinachopokelewa

Msomaji aliyezoea usajili wa soka aweke kando wazo la ada ya uhamisho. Katika besiboli klabu hutoa mchezaji na kupokea wachezaji wengine, mara nyingi vijana ambao bado wako katika ligi ndogo na ambao thamani yao itajulikana baada ya miaka kadhaa. Fedha huweza kuongezwa juu, lakini kumuuza nyota kwa fedha tupu ni jambo lililokutana na kizuizi kikubwa mwaka 1976, pale Kamishna wa ligi kuu, Bowie Kuhn, alipobatilisha hatua ya mmiliki wa Oakland, Charlie Finley, ya kumuuza Vida Blue kwa Yankees na kuwauza Joe Rudi na Rollie Fingers kwa Boston. Kwa utaratibu huu wa mtu kwa mtu, kila mapatano huacha kumbukumbu ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma: huyu tulimtoa, huyu tulimpata, na leo kila mmoja amefika wapi. Fedha hutumika na kusahaulika, lakini mchezaji uliyemtoa huendelea kucheza.

Halafu angalia ligi. Timu ziko 30, nazo zimegawanywa sawa kati ya Ligi ya Taifa na Ligi ya Marekani. Katika majiji yenye timu mbili, moja iko huku na nyingine kule: Cubs, Mets na Dodgers wa Los Angeles wako Ligi ya Taifa, ilhali White Sox, Yankees na Angels, jirani wa Dodgers, wako Ligi ya Marekani. Kwa hesabu ya uwanjani peke yake, jirani angekuwa mtu mzuri wa kubadilishana naye, kwa kuwa mchezaji unayempa hatakuzuia kushinda kundi lako, na hamtakutana katika hatua ya mtoano ila tu nyote mkifika World Series, yaani fainali kati ya mabingwa wa ligi hizo mbili, jambo lililotokea Chicago mwaka 1906 na New York mwaka 2000, ambapo Yankees waliwashinda Mets michezo 4 kwa 1. Mchezaji mwenyewe hata hahitaji kuhama nyumba. Kama mapatano bado ni machache, basi sababu itafutwe nje ya msimamo wa ligi.

Usihesabu miaka kwa pupa

Watu wanaotaka kuonyesha jinsi timu za jiji moja zisivyobadilishana wachezaji hupenda kurudi nyuma hadi mwanzoni mwa karne iliyopita. Hapo pana kosa la hesabu. Hadi mwaka 1959, ulipowekwa kwa mara ya kwanza muda maalumu wa mabadilishano kati ya ligi mbili, mchezaji hakuweza kuvuka kutoka ligi moja kwenda nyingine bila timu nyingine za ligi yake kupewa kwanza nafasi ya kumchukua. Uchache wa miaka hiyo ulitokana kwa sehemu kubwa na kanuni, na si uhasama.

Kosa la pili ni kusahau kwamba kila klabu ina klabu nyingine 29 za kuzungumza nazo. Tuseme klabu moja hufanya mabadilishano 10 kwa mwaka na haichagui wala haibagui. Jirani yake angepata zamu yake mara moja hivi katika kila miaka mitatu. Kwa hiyo ukiona miaka mitatu imepita bila mapatano, bado hujaona kitu. Cubs na White Sox, hata hivyo, walikaa kutoka Novemba 2006, walipobadilishana warushaji Neal Cotts na David Aardsma, hadi Julai 2017. Miaka zaidi ya kumi haiwezi kuelezwa kwa bahati, na hapo ndipo tunaruhusiwa kusema kwamba kuna kitu kinachowazuia.

Ijue aibu yenyewe ilivyo

Kinachowazuia, kwa maoni yangu, ni woga wa kuonekana. Meneja mkuu, yaani kiongozi wa klabu anayeamua wachezaji wa kuingia na kutoka, anayempoteza mchezaji kwa Seattle akiwa Chicago anaweza kukosea na kosa lake likamezwa na umbali. Akimpoteza kwa jirani, magazeti ni yale yale, redio ni zile zile, na treni ya njia nyekundu inayowashusha mashabiki kituo cha Addison kwenda uwanja wa Cubs ndiyo inayowashusha kituo cha 35th kwenda uwanja wa White Sox. Kosa lake litapita mbele yake kila asubuhi.

Mfano unaopaswa kukaa kichwani mwa kila anayepima tetesi hizi ni wa Machi 30, 1992. White Sox walitaka mpigaji aliyekomaa, wakamchukua kutoka Cubs George Bell, mchezaji bora wa Ligi ya Marekani wa mwaka 1987. Walichotoa ni mrushaji Ken Patterson pamoja na kijana wa miaka 23 kutoka Jamhuri ya Dominika ambaye alipiga kwa nguvu lakini alikosa mipira mingi mno. Kijana huyo aliitwa Sammy Sosa. Akiwa na Cubs alipiga homurani, yaani mipira inayovuka uzio wa uwanja, 545, zikiwemo 66 katika msimu wa 1998 peke yake. Bell alicheza White Sox misimu miwili kisha akaachwa. Ukisoma majina tu utaona uzembe, lakini ukisogea karibu utaona jambo lenye mafunzo zaidi: aliyempeleka Sosa Cubs ni Larry Himes, ambaye mwaka 1989, akiwa meneja mkuu wa White Sox, ndiye aliyemleta Sosa Chicago kutoka Texas. White Sox walimwondoa Himes mwaka 1990, naye alipopata kazi upande wa pili wa jiji akamfuata kijana aliyemwamini tangu awali. Mapatano yalifanyika kwa sababu mtu mmoja alikuwa ameyajua mabanda yote mawili kutoka ndani.

Cubs nao wana kidonda chao. Julai 1998, wakitafuta mrushaji wa kuwasaidia kufika mtoano, walimchukua Matt Karchner na kumtoa Jon Garland, kijana waliyemchagua raundi ya kwanza ya uteuzi wa vijana mwaka mmoja tu kabla. Cubs walifika mtoano mwaka huo. Garland alishinda michezo 18 mwaka 2005, mwaka ambao White Sox walitwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1917. Mashabiki wa White Sox, wa kusini mwa jiji, wana jibu la Sosa, na jibu hilo linaitwa Garland.

Kwa hesabu ya fedha pia, jirani ana uzito wake. Timu mbili za jiji moja zinagombea wadhamini, watoto wanaochagua kofia yao ya kwanza, na watazamaji wa televisheni. Mjini New York kila klabu ina kituo chake, YES kwa Yankees na SNY kwa Mets, vyote vikilenga nyumba zile zile. Ukimpa jirani mchezaji atakayependwa, umempa sababu ya kukuchukulia watu. Hata hivyo naliweka jambo hili chini ya aibu, kwa sababu mchezaji mmoja hubadili tabia ya familia chache, lakini kosa moja linaweza kumfuata meneja maisha yake yote.

Tafuta timu mbili zinazotazama saa tofauti

Swali la kwanza la kuuliza unapoisikia tetesi ni hili: je, timu moja inataka kushinda sasa hivi na nyingine inajenga upya? Kama zote mbili zinataka kushinda, kila moja itahitaji wachezaji wa aina ile ile na hakuna atakayetoa. Kama zote zinajenga, zote zitataka vijana. Mapatano makubwa ya majirani huja pale saa zao zinapotofautiana kabisa, kwa sababu hapo bei huwa nzuri kiasi cha kushinda woga.

Ndivyo ilivyokuwa Julai 13, 2017. Cubs walikuwa mabingwa watetezi, wakiwa wametoka kuvunja kiu ya ubingwa ya miaka 108, na warushaji wao walikuwa wamechoka. White Sox walikuwa wameshaanza kubomoa, wakiwa wamemtoa Chris Sale kwa Boston Desemba iliyotangulia. Walikuwa na José Quintana, mrushaji wa kutegemewa mwenye mkataba wa bei nafuu ambao klabu ingeweza kuuendeleza hadi 2020. Cubs walitoa vijana wanne, wakiwemo wawili wao bora kabisa, Eloy Jiménez na Dylan Cease. White Sox wangekataa bei hiyo kwa sababu tu mnunuzi yuko upande wa pili wa jiji, wangekuwa wamewaadhibu mashabiki wao wenyewe, na ninaamini uongozi wao ulistahili pongezi kwa kuikubali.

Bei iliyolipwa na Cubs ilikuja kuonekana kwa macho Juni 18, 2019. Jiménez alirudi Wrigley Field, uwanja wa Cubs, akiwa na jezi ya White Sox, na katika ingwe ya tisa, yaani kipindi cha mwisho cha mchezo, timu zikiwa zimefungana 1 kwa 1, alipiga mpira uliolivunja gongo lake vipande viwili na bado ukavuka uzio kwa mikimbio miwili, yaani alama mbili. White Sox walishinda 3 kwa 1. Cease naye alishika nafasi ya pili katika kura za mrushaji bora wa Ligi ya Marekani mwaka 2022.

Swali la pili ni ukubwa wa majina. Mapatano mengi kati ya majirani huhusu wachezaji wa pembeni, hasa warushaji wa kuingia katikati ya mchezo, kwa kuwa hakuna atakayefukuzwa kazi kwa ajili yao. Aprili 2022 Yankees walimpeleka Joely Rodríguez kwa Mets na kumpokea Miguel Castro, jiji likazungumza siku moja kisha likaendelea na mambo yake. Tetesi ya aina hiyo unaweza kuipa nafasi. Tetesi inayomtaja nyota kijana mwenye miaka mingi ya mkataba ipokee kwa mashaka makubwa.

Swali la tatu ni haki ya mchezaji. Aliyecheza ligi kuu miaka 10, na mitano ya mwisho akiwa na klabu hiyo hiyo, anaweza kukataa kubadilishwa, na wengine wameandikiwa haki kama hiyo katika mikataba yao. Desemba 1956, Dodgers wakiwa bado Brooklyn, walimtoa Jackie Robinson kwa mahasimu wao wa jiji, Giants. Robinson alikuwa tayari ameamua kustaafu, na mapatano yakafutwa.

Mwisho, usiamini mapatano yaliyofungwa kwenye kamba ya mapatano mengine. Februari 2020 ilitangazwa kote kwamba Dodgers wanawapeleka Joc Pederson na Ross Stripling kwa Angels, lakini jambo hilo lilisubiri mpango tofauti wa kumleta Mookie Betts kutoka Boston. Mpango huo ulipochelewa kwa siku kadhaa Angels walijiondoa, na Pederson akamaliza mwaka akiwa bingwa na Dodgers.

Tenga wanaovuka kwa miguu yao

Usichanganye mabadilishano na uhamaji wa wachezaji huru. Shohei Ohtani alitoka Angels kwenda Dodgers Desemba 2023 kwa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 700, na Juan Soto alitoka Yankees kwenda Mets Desemba 2024 kwa miaka 15 na dola milioni 765. Mikataba yao ilikuwa imekwisha, hivyo hakuna meneja wa Angels wala wa Yankees aliyetia saini kumpa jirani nyota. Klabu hizo ziliumia, lakini zinaweza kusema zilizidiwa dau; meneja wa White Sox wa mwaka 1992 hana maneno hayo. Ukisikia kwamba mchezaji wa jiji moja atavuka upande, uliza kwanza mkataba wake unaisha lini, maana mara nyingi njia rahisi ni kusubiri.

Mapatano yakitimia kweli, kuwa mvumilivu kabla ya kutoa hukumu. Julai 2021 Cubs walimpeleka Craig Kimbrel kwa White Sox waliokuwa wakiongoza kundi lao, wakampokea Nick Madrigal aliyekuwa majeruhi na mrushaji Codi Heuer. Jirani walionekana wamepora: Kimbrel alikuwa na wastani wa kuruhusu mikimbio 0.49 kwa kila ingwe tisa, na kwa mrushaji wastani mdogo ndio mzuri. Alipovuka jiji wastani huo ulipanda hadi 5.09, kwa kuwa nafasi ya kufunga michezo, yaani kurusha katika ingwe ya mwisho, ilikuwa tayari ya Liam Hendriks naye akawekwa ingwe ya nane, na White Sox wakatolewa na Houston. Heuer alifanyiwa upasuaji wa kiwiko Machi iliyofuata. Aprili 2022 White Sox walimtoa Kimbrel kwa Dodgers, na hadi hapo hakuna upande wowote wa Chicago uliokuwa na la kujivunia.