Umeandikiwa antibiotiki na bado unanyonyesha: namna ya kumeza dawa bila kumwachisha mtoto ziwa

Mama anayenyonyesha akiandikiwa antibiotiki, madhara mengi hayaletwi na dawa bali na hofu. Mmoja humwachisha mtoto ziwa papo hapo, na maziwa yakapungua ndani ya siku chache. Mwingine humeza nusu dozi ili "isimfikie mtoto", bakteria wakabaki hai na ugonjwa ukarudi ukiwa mgumu zaidi. Antibiotiki nyingi zinazotumika kila siku hazidai lolote kati ya hayo mawili.

Dawa hutoka kwenye damu ya mama na kuingia kwenye maziwa, lakini kwa kiasi kidogo. Wataalamu hulinganisha dozi anayopata mtoto kwa kila kilo ya uzito wake na ile anayomeza mama kwa kila kilo yake. Ikiwa chini ya asilimia 10, kwa kawaida inakubalika. Amoksilini iko karibu na asilimia 1.

Kabla hujapokea dawa, mwambie daktari au mfamasia kwamba unanyonyesha, kisha taja umri wa mtoto kwa wiki, kama ni njiti, kama ngozi au macho yake yana rangi ya njano, na kama kwenu kuna mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayofanya chembe nyekundu za damu zivunjike kwa urahisi. Usingoje uulizwe. Maini na figo za mtoto mchanga bado hazijakomaa, hivyo dawa hukaa mwilini mwake muda mrefu kuliko kwa mtoto wa miezi sita. Dawa ileile inaweza kumfaa huyu na isimfae yule.

Amoksilini, ampisilini, flukloksasilini, sefaleksini na seftriaksoni ndizo zinazochaguliwa kwanza. Erithromaisini na azithromaisini nazo hutumika, ila mtoto akiwa na wiki chache tu, angalia kama anatapika kwa kurusha matapishi mbali kila baada ya kunyonya. Huenda njia ya kutokea tumboni imekaza, na hilo ni la hospitali siku hiyohiyo. Kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita septrini, haifai kama mtoto ni njiti, ana umanjano au ana upungufu wa G6PD, na hata mwenye afya chini ya mwezi mmoja ni bora apate mbadala: dawa hii huibandua bilirubini, ile rangi inayoleta umanjano, kwenye protini inayoibeba, ikaweza kufika kwenye ubongo. Nitrofurantoini ya UTI iepukwe katika mwezi wa kwanza na kwa mwenye upungufu huohuo, kwa kuwa inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yake. Doksisaiklini kwa siku chache huvumilika. Kwa wiki nyingi, hapana. Kloramfenikoli ya kumeza au sindano, omba ibadilishwe.

Metronidazoli huwachanganya wengi. Ukiandikiwa mg 400 mara tatu kwa siku, endelea kunyonyesha. Maziwa yanaweza kuwa na uchungu kidogo na mtoto akanyonya kwa kusitasita. Ikiwa ni gramu 2 kwa mkupuo mmoja, wengi hushauri kusubiri saa 12 hadi 24 kabla ya kunyonyesha tena. Kamua na uhifadhi maziwa kabla ya kumeza, kisha wakati wa kusubiri kamua kila baada ya saa 3 na kuyamwaga, ili matiti yasijae wala uzalishaji usishuke. Kukamua huko hakuharakishi dawa kutoka, kwa sababu kiasi kilichomo kwenye maziwa hufuata kilichomo kwenye damu.

Kwa dawa nyingine, meza mara tu mtoto anapomaliza kunyonya, na ile ya mara moja kwa siku imeze kabla ya usingizi wake mrefu. Faida yake ni ndogo, basi usimcheleweshe mtoto mwenye njaa wala usiruke dozi kwa ajili ya saa.

Kama dawa ni ya maambukizi ya titi, kunyonyesha ni sehemu ya tiba. Mnyonyeshe kwa titi hilohilo. Maziwa hayo hayamdhuru mtoto mwenye afya. Ukiacha ghafla, maziwa hutuama na jipu linaweza kufanyika. Flukloksasilini mg 500 humezwa kila saa 6 kwa siku 10 hadi 14, tumbo likiwa tupu: saa 1 kabla ya chakula au saa 2 baada yake. Homa na maumivu yasipopungua ndani ya saa 48, rudi titi likaangaliwe kwa altrasaundi.

Kwa mtoto, tarajia choo kilaini zaidi kwa siku chache, maana dawa hugusa pia bakteria wema wa utumbo wake. Maziwa yako yana sukari maalumu inayowalisha bakteria hao, ndiyo maana kuendelea kunyonyesha humsaidia kupona. Fangasi nao hupata nafasi. Utando mweupe wa maziwa ulimini hufutika. Wa fangasi huganda ndani ya mashavu, na ukiukwangua huacha wekundu. Ukiuona, au chuchu zako zikiwaka hata baada ya kunyonyesha, mtibiwe nyote wawili kwa pamoja. Akitibiwa mmoja, mwingine humrudishia.

Mpeleke hospitali bila kusubiri akiwa na damu kwenye choo, utosi uliobonyea, vipele pamoja na kuvimba uso, kupumua kwa shida, kukataa kunyonya, umanjano unaozidi, nepi zilizolowa chini ya 6 kwa siku akiwa ameshapita wiki ya kwanza, au joto la 38°C na zaidi akiwa chini ya miezi 3. Beba boksi la dawa unayomeza na useme dozi ya mwisho uliimeza saa ngapi: kiasi kidogo alichokipata kupitia maziwa kinaweza kuficha bakteria kwenye kipimo cha damu au mkojo wake.