Tope la Majitaka: Namna ya Kupata Gesi, Mboji na Makaa

Wengi huharibu kazi hii kabla hata tangi halijajengwa. Mtu anaamua anataka makaa, au anataka gesi, kisha ndipo anakwenda kulitazama tope lake. Fanya kinyume. Tope lenyewe ndilo litakalokuambia linafaa nini, na linasema kwa namba mbili: kiasi cha maji na kiasi cha majivu.

Hapa nazungumzia tope la mitambo ya majitaka na la mashimo ya vyoo. Lile la mitambo ya maji ya kunywa lina tabia zake, nitaligusa mwishoni.

Hatua ya 1: Pima

Koroga kwanza, ndipo uchote. Ukichota juu utapata maji matupu, ukichota chini utapata mchanga. Pima gramu 100, uziweke kwenye oveni ya nyuzi 105 za Selsiasi mpaka uzito uache kushuka. Kwa kawaida usiku mmoja unatosha. Kilichobaki ndicho kikavu chako. Kisage, chukua gramu chache, uzichome kwenye tanuri la maabara kwa nyuzi 550. Kinachosalia ni majivu. Kilichopotea ndicho chakula cha bakteria, na ndicho pia kuni yako.

Sasa piga hesabu. Tuseme una tani moja ya tope lenye kikavu asilimia 3. Hiyo ni kilo 30 tu za mali, na kilo 970 za maji. Kikavu kizuri kina joto la megajuli 15 hivi kwa kilo, yaani jumla 450. Kukausha kilo moja ya maji kunakula megajuli 2.6 hata kabla hujahesabu joto linalopotea. Ukilikausha tope hilo kwa moto jinsi lilivyo, utatumia zaidi ya megajuli 2,500 ili upate 450. Nimeona watu wakinunua vikaushio vya bei kubwa bila kufanya hesabu hii ya dakika mbili.

Kuhusu majivu, mimi hujiongoza hivi: yakiwa chini ya theluthi moja ya kikavu, nishati inawezekana. Yakivuka nusu, sahau kuchoma.

Kama bomba la majitaka linapokea pia maji ya viwandani, peleka sampuli maabara ikapimwe kadimi, risasi, zinki na kromi. Metali hizi haziozi wala haziungui, kwa hiyo usipeleke chochote shambani kabla ya majibu.

Hatua ya 2: Ondoa maji kwa njia isiyotumia moto

Liache litulie, umwage maji ya juu. Likifika kikavu asilimia 5, tani yako imekuwa kilo 600, na hapo tayari linafaa kuingia kwenye tangi la gesi. Kwa mboji au makaa unahitaji zaidi: mashine ya kukamua ikisaidiwa na polima (kemikali inayoshikanisha chembe za tope) hulifikisha asilimia 20 hivi, na tani inabaki kilo 150. Usipokuwa na mashine, tumia vitanda vya mchanga na kokoto. Mwaga tope kina cha sentimita 20 hadi 30, usizidishe. Tabaka nene hukauka juu, likajifunika kama uji uliopoa, na chini likabaki bichi.

Hatua ya 3: Gesi

Hii ni njia ya nishati isiyokudai ukaushe, ndiyo maana huwa naifikiria kwanza. Tangi lisiingize hewa, joto likae nyuzi 35 hadi 37, na tope likae ndani siku 20 hivi. Kwa tani yetu ile, kama majivu ni asilimia 30, kuna kilo 21 zinazoweza kuliwa. Bakteria wakila nusu yake, utapata mita za ujazo kama 9 za bayogesi, ambayo zaidi ya nusu yake ni methani. Hizo ni takriban megajuli 200. Kupasha tani nzima kutoka nyuzi 20 hadi 35 kunakula 63. Ukiwa umelipunguza hadi kilo 600, ni 38 tu. Unaona kwa nini nilisisitiza kutuliza kwanza.

Anza na mbegu: tope kutoka tangi jingine linalofanya kazi, au samadi mbichi ya ng'ombe. Kisha lisha kidogo kidogo. Tangi langu la kwanza nililiua kwa pupa. Gesi ilikuwa nzuri, nikaongeza chakula maradufu, na baada ya siku chache likachacha. Bakteria wanaotengeneza asidi huzaana haraka kuliko vijidudu vinavyoigeuza kuwa methani, hivyo asidi ikarundikana. Usingoje pH, yaani kipimo cha uchachu, ishuke, kwani hiyo huchelewa kutoa habari. Pima uwiano wa asidi na alkali: chini ya 0.3 endelea, ukianza kupanda, acha kulisha mara moja.

Usalama: methani ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha kulipua. Salfidi ya hidrojeni nayo hunuka yai viza mwanzoni, kisha inaua uwezo wa pua kunusa. Harufu ikitoweka ghafla, usidhani gesi imeisha. Usiingie tangini peke yako hata kama ni "mara moja tu".

Maji yanayokamuliwa baada ya gesi yana amonia na fosforasi nyingi. Ukiongeza magnesi huku pH ikiwa karibu 8.5, hutengeneza fuwele za struvaiti, mbolea nzuri inayoyeyuka polepole. Usipozivuna zitaganda zenyewe ndani ya mabomba yako.

Hatua ya 4: Mboji

Tope lina naitrojeni nyingi mno kwa kaboni iliyomo. Changanya ndoo moja ya tope lililokamuliwa na ndoo mbili au tatu za maranda au vipande vya mbao. Kamata konzi ukamue: yakitoka matone machache, sawa, yakichuruzika, ongeza maranda.

Lengo ni kuua mayai ya minyoo. Kanuni ya Marekani kwa matuta ya wazi ni nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, tuta likigeuzwa angalau mara 5, maana pembezoni hupoa na mayai hujificha huko. Kisha liache likomae mwezi mmoja au miwili.

Njia nyingine ya mbolea ni joto la mashine: mji wa Milwaukee, Marekani, umekuwa ukiuza tope lililokaushwa kwa jina la Milorganite tangu 1926.

Hatua ya 5: Makaa, kwa tahadhari

Vitofali vyangu vya mwanzo vilitoka vyeusi, vinapendeza, na vikagoma kuwaka. Sababu ni majivu. Kilo 100 za kikavu zenye majivu 40, ukizichoma bila hewa zikabaki kilo 60, majivu bado ni 40, yaani theluthi mbili za kitofali. Tumia tope lenye majivu machache, ulichanganye na vumbi la mkaa, ufunge kwa wanga. Makaa yenye majivu mengi yafaa zaidi udongoni, kama vipimo vya metali vimeruhusu.

Na tope la shabu?

Hili la mitambo ya maji safi, ambako shabu hutumika kutuliza uchafu, halina cha kuchoma. Lijaribu kwenye matofali: anza na sehemu moja kwa tisa za udongo wa mfinyanzi, uchome, kisha uloweke tofali upime limenyonya maji kiasi gani. Shabu pia hukamata fosforasi, hivyo linafaa kwenye vitanda vya kuchujia majitaka. Kwa sababu hiyo hiyo usilitie kwenye mboji. Mimea itanyimwa fosforasi uliyohangaika kuipata.