Mpira Ukipigwa Teke, Usiondoe Macho: Kanuni za Mateke na Udakaji katika Futiboli ya Marekani

Mtu akianza kufuatilia NFL, ligi kuu ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, hujifunza haraka kwamba timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, kwamba tachidauni, yaani kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, ni pointi 6, na kwamba jaribio la nne likifika mara nyingi mpira hupigwa teke. Hapo ndipo wengi huinuka kwenda kunywa maji. Mimi huwakalisha chini. Mpira ulio hewani hauna mwenyewe, na kanuni nyingi za ajabu katika mchezo huu zimetungwa kujibu swali moja tu: huu mpira sasa ni wa nani?

Wale ninaowaelekeza, kuanzia wadogo zangu hadi wenzangu wa kazini, huwapa maswali matatu ya kujiuliza kabla refa hajatangaza lolote. Mpira umevuka mstari wa kuanzia, yaani pale timu mbili zilipokuwa zimetazamana? Nani ameugusa wa kwanza? Na je, kuna aliyeumiliki, au umeguswa tu? Huna haja ya kukariri vifungu. Tuyatumie maswali haya kwenye mateke ya aina tatu: teke la kuanzia kipindi; teke la hewani, ambalo mpigaji anauachia mpira mkononi na kuupiga kabla haujagusa nyasi ili aupeleke mbali; na teke la pointi tatu, la kupitisha mpira katikati ya milingoti.

Tazama mstari kwanza

Teke likizuiwa, watazamaji wengi hudhani kazi imekwisha na mpira ni wa waliozuia. Sivyo. Mpira ukibaki nyuma ya mstari wa kuanzia, timu iliyopiga ina haki ya kuuokota na kukimbia nao, au kurusha pasi, au hata kuupiga teke la pili. Tarehe 7 Oktoba 2021 Michael Dickson wa Seattle Seahawks alizuiwa teke lake na Los Angeles Rams. Akaufuata mpira, akauokota, akakimbilia pembeni na kuupiga tena, ukaenda kusimama ndani kabisa ya upande wa Rams. Teke hilo la pili lilikuwa halali kwa sababu mpira ulikuwa haujavuka mstari. Kumbuka tu kwamba kama ni jaribio la nne, anayeuokota na kukimbia bado anadaiwa yadi zile zile zilizokuwa zimebaki. Mkono wa mlinzi aliyezuia haumpi majaribio mapya.

Mpira ukishavuka mstari, hesabu inageuka. Timu iliyopiga haina tena haki ya kuuchukua na kuendelea, isipokuwa mmoja wa wapinzani aguse kwanza. Na hapa kuna jambo ambalo hata mashabiki wa muda mrefu hulikosa: mguso wa yule aliyezuia teke nyuma ya mstari hauhesabiki. Mpira ukiguswa kidogo pale nyuma kisha ukaendelea mbele, unahesabiwa kama haujaguswa kabisa.

Ukitaka kuona uchungu wa kanuni hii, tafuta mechi ya Dallas Cowboys na Miami Dolphins ya sikukuu ya Thanksgiving, tarehe 25 Novemba 1993, uwanja ukiwa umefunikwa na theluji. Dallas walikuwa wakiongoza 14-13, na Pete Stoyanovich wa Miami akapiga teke la pointi tatu la yadi 41 sekunde za mwisho. Likazuiwa. Mpira ukavuka mstari ukawa unazunguka peke yake kwenye theluji. Wachezaji wa Dallas wangesimama tu na kuutazama, mpira ungekufa wenyewe na ushindi ungekuwa wao. Leon Lett wa Dallas akaja mbio, akateleza, akaugusa. Mguso huo ukaufungua mpira kwa timu zote mbili, Miami wakaulalia karibu kabisa na mstari wa goli, na Stoyanovich akapewa nafasi ya pili, safari hii ya yadi 19. Ikaisha 16-14 kwa Miami. Kwa hiyo ukiona wachezaji wanapunga mikono na kuukimbia mpira kama vile una moto, ujue wanajua wanachofanya.

Mguso wa bure

Teke la hewani likishatua, mara nyingi utaona mchezaji wa timu iliyopiga akiupiga mpira kofi ili usiingie eneo la tachidauni, kwa sababu ukiingia na kufia humo wapinzani wanauanzia yadi ya 20, yaani yadi 20 kutoka mstari wa goli lao. Tazama vizuri kama ameushika ukatulia mikononi mwake au ameugusa tu. Akiushika, mchezo umekufa. Akiugusa tu, mpira bado uko hai, na kuanzia sekunde hiyo mpokeaji ana karata ya bure: anaweza kuuokota na kukimbia nao, na hata ukimponyoka wakauchukua wapinzani, timu yake inaweza kurudi pale mguso ule ulipotokea na kuanzia hapo, mradi yenyewe haijafanya kosa ambalo adhabu yake imekubaliwa na wapinzani. Wapokeaji wazuri husimama karibu wakinyemelea nafasi hiyo. Ninapoona mpokeaji amegeuka na kuondoka wakati mpira ulioguswa bado unadundadunda, huwa naumia, maana hana cha kupoteza.

Kinyume chake ni mpokeaji anayejaribu kudaka mpira ukamponyoka kabla hajaumiliki. Hapo waliopiga wanaweza kuulalia na ukawa wao, lakini hawaruhusiwi kukimbia nao. Unafia pale pale. Laiti angekuwa ameumiliki kwanza kisha ukamtoka, wangeweza kukimbia nao hadi mwisho wa uwanja. Ndiyo maana marefa hurudia picha mara nyingi hivyo kutazama vidole tu.

Mkono juu, na teke ambalo karibu kila mtu amelisahau

Mpokeaji akinyoosha mkono mmoja juu kabisa ya kichwa na kuupunga huku na huku, ameomba kudaka kwa ishara: hatakimbia, na hakuna wa kumgusa wala kumziba asifikie mpira. Ishara nusunusu, ya mkono ulioishia usoni, ni kosa la yadi 5. Na aliyetoa ishara haruhusiwi kumzuia mpinzani mpaka mpira uguswe. Hayo ni ya kawaida. La kusisimua ni linalofuata baada ya kudaka.

Timu iliyodaka kwa ishara ina chaguo: icheze kama kawaida, au ipige teke la pointi tatu papo hapo, bila mpira kurudishwa nyuma kutoka katikati ya mstari na bila mpinzani kuruhusiwa kusogea. Wapinzani lazima wakae yadi 10 mbali. Mwenzake mpigaji anaushika mpira ukiwa juu ya nyasi, hakuna kigingi cha kuusimamishia, naye anaweza kuchukua hatua ndefu kama kwenye teke la kuanzia, kwa kuwa hakuna anayemrukia. Au anaweza kuupiga teke la kudunda, yaani kuuangusha na kuupiga unapogonga ardhi.

Angalia hesabu ya yadi, maana hapo ndipo faida ilipo. Kwenye teke la kawaida la pointi tatu mpira hurudishwa yadi 7 au 8 nyuma ya mstari, na milingoti iko yadi 10 nyuma ya mstari wa goli. Kwa hiyo mpira ukiwa yadi ya 47 ya mpinzani, teke la kawaida lingekuwa la yadi 64 au 65. Baada ya kudaka kwa ishara, mpira unapigwa pale pale ulipo: 47 kujumlisha 10, yadi 57.

Hizo ndizo zilizokuwa mbele ya Cameron Dicker tarehe 19 Desemba 2024, Los Angeles Chargers wakicheza na Denver Broncos. Nusu ya kwanza ilikuwa inakatika. Denver wakapiga teke la hewani, mpokeaji wa Chargers akatoa ishara, na mlinzi wa Denver akamwingilia. Adhabu yake ni yadi 15, ikausogeza mpira kutoka yadi ya 38 ya Chargers hadi yadi ya 47 ya Denver. Saa ilikuwa imesoma sifuri, lakini kanuni inaruhusu nusu iongezwe kwa ajili ya teke hilo moja. Dicker akalipitisha. Lilikuwa la kwanza la aina hiyo kufanikiwa tangu Ray Wersching wa San Diego Chargers mwaka 1976, na ndilo refu kuliko yote katika historia ya NFL. Chargers wakashinda 34-27. Huko nyuma, mwaka 1968, Mac Percival alikuwa ameipa Chicago Bears ushindi wa 13-10 dhidi ya Green Bay Packers kwa teke la namna hii la yadi 43.

Utajuaje linakuja? Nusu inakaribia kuisha, timu iliyo karibu na goli lake inalazimika kupiga teke la hewani, na mpokeaji anasimama karibu na katikati ya uwanja. Ukiona hivyo, mtazame kocha, usimtazame mpokeaji. Na usisahau kwamba teke likiwa fupi wapinzani wanaweza kuudaka mpira na kukimbia nao, ndiyo maana utaona wapigaji wamejipanga tayari kwa kukimbizana. Kwenye futiboli ya vyuo vikuu chaguo hili halipo, ingawa kwenye ile ya sekondari lipo.

Teke la kudunda lenyewe bado ni halali hata kwenye pointi ya nyongeza baada ya tachidauni. Doug Flutie alilipiga akiwa na New England Patriots tarehe 1 Januari 2006, la kwanza kufanikiwa katika NFL tangu 1941.

Moja la haraka kuhusu teke la kuanzia. Teke hilo likitoka nje pembeni bila kuguswa, wapokeaji huanzia yadi ya 40 ya upande wao. Sasa, mchezaji aliye nje ya mstari akigusa mpira ambao bado unatembea, mpira huo unahesabika umetoka nje. Kwa hiyo mpokeaji mwerevu anaweza kuweka mguu nje ya mstari wa pembeni, kisha akanyoosha mkono ndani na kuugusa, na timu yake ikapewa yadi ya 40. Ni kanuni ninayoipenda kuliko nyingi, kwa sababu inamlipa anayefikiri akiwa mbioni.

Kudaka: anza na miguu

Kwenye pasi, macho ya mgeni huenda kwenye mikono. Yako yaanzie chini. NFL inadai miguu yote miwili iguse ndani, au sehemu nyingine yoyote ya mwili isipokuwa kiganja: goti moja, kiwiko au kalio linatosha peke yake. Vyuo vikuu vinadai mguu mmoja. Ncha za vidole zikiburuzwa ndani ya mstari, ni sawa. Lakini vidole vikitua ndani na kisigino kikafuata kutua nje kwa mwendo ule ule, ni nje.

Baada ya miguu ndipo uangalie kama mpira umedhibitiwa, kisha tendo la tatu: kupiga hatua nyingine, kuukumbatia mpira, kuunyoosha mbele, au kuwa nao muda wa kutosha kufanya hayo. Kabla ya 2018 aliyedaka huku akianguka alipaswa kuudhibiti mpira hadi mwisho wa kuanguka kwake, na hapo ndipo Calvin Johnson wa Detroit alipopoteza tachidauni dhidi ya Chicago mwaka 2010, na Dez Bryant wa Dallas akanyimwa mpira wake kule Green Bay tarehe 11 Januari 2015. Sharti hilo la kuanguka liliondolewa Machi 2018, na kwa maoni yangu lilichelewa sana kuondolewa.

Wawili wa timu tofauti wakiudaka pamoja, mpira ni wa timu iliyorusha. Mmoja akiutawala kwanza na mwenzake akaja kuung'ang'ania, ni wa yule wa kwanza. Tarehe 24 Septemba 2012, Seattle na Green Bay, Golden Tate wa Seattle na M.D. Jennings wa Green Bay walianguka wameushikilia mpira mmoja, na marefa wawili waliosimama karibu wakatoa ishara mbili tofauti. Seattle wakapewa tachidauni na ushindi wa 14-12. Mimi hadi leo naona ulikuwa wa Jennings.

La mwisho ni mpira ulioguswa njiani. Zamani pasi haikuruhusiwa kutoka kwa mdakaji mmoja moja kwa moja hadi kwa mwenzake. Ndiyo maana tachidauni ya Franco Harris wa Pittsburgh ya tarehe 23 Desemba 1972 inabishaniwa mpaka leo, kwani swali ni kama mpira ulimgonga Frenchy Fuqua, mwenzake Harris, au Jack Tatum wa timu pinzani. Zuio hilo lilifutwa 1978. Na mlinzi akishaugusa mpira, kila mtu anaruhusiwa kuudaka, akiwemo aliyeurusha: tarehe 6 Januari 2018 Marcus Mariota wa Tennessee Titans alirusha pasi dhidi ya Kansas City Chiefs, mlinzi akaipangua, ikamrudia mwenyewe, akaidaka na kuingia nayo kwa tachidauni. Titans walishinda 22-21. Pasi ikipanguliwa, basi, usimtazame mlengwa peke yake. Tazama wote 22, hata wale wakubwa wa mstari wa mbele ambao sekunde moja iliyopita hawakuruhusiwa kuigusa.