Kukausha Mwani wa Albamu kwa Mtindo wa Enzi ya Malkia Victoria

Reli zilipoanza kuwafikisha pwani Waingereza wengi, mwani wa kubandika kwenye albamu ukawa kumbukumbu ya likizo. Kazi yenyewe haidai gundi nyingi wala kipaji cha kuchora: maji huupanga mwani, na utelezi wake huushikisha kwenye karatasi.

Nenda maji yakiwa yamekupwa, hasa wakati wa bamvua, kwani mwani mwekundu mwororo huota chini zaidi. Margaret Gatty, aliyetoa kitabu cha mwani wa Uingereza mwaka 1863, aliwahimiza wanawake wavae buti za kiume za kuwindia. Miamba haijaacha kuteleza tangu hapo. Anayeanza atafute Plocamium, mwekundu wenye vitawi vinavyotandazika vizuri. Desmarestia, aina ya mwani wa kahawia, iupe chombo chake peke yake. Ukifa hutoa asidi inayoharibu mwani ulio jirani.

Suuza mchanga kwa maji ya bahari. Maji ya bomba hupasua seli za aina nyororo, rangi ikavuja.

Jaza trei maji ya bahari, kina cha sentimita 3 hivi. Chukua karatasi nene ya kuchorea rangi za maji, andika nyuma jina, mahali na tarehe kwa penseli, kisha izamishe. Weka mwani juu yake, tandaza vitawi kwa brashi laini, na punguza kwa mkasi vilivyorundikana, maana hapo ndipo ukungu huanzia. Inua karatasi polepole, ukingo mmoja ukitangulia. Ukiwa na pupa, maji yataukokota mwani wote upande mmoja, nawe utarudi mwanzo.

Ikishachuruzika, ilaze juu ya karatasi ya kunyonya wino, funika mwani kwa kitambaa cha melimeli, weka karatasi nyingine ya kunyonya, halafu ubao na vitabu vizito. Melimeli mpya ifuliwe kwanza. Wanga wake hunata. Badilisha karatasi za kunyonya baada ya saa chache, kisha kila siku hadi mwani ukauke, pengine wiki nzima. Melimeli usiiguse: ukiibandua mapema, mwani utatoka nayo.

Fucus, mwani wa kahawia, na jamii yake nene haishiki hivi. Ikaushe peke yake, kisha uibane kwa vipande vyembamba vya karatasi yenye gundi. Albamu ikae mbali na jua. Mwekundu hupauka haraka.