Kumfundisha mwanafunzi kutafuta kitabu ndani ya ulimwengu wa kompyuta

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaokuja maktaba ya chuo chetu hapa Wete, wengi wao skuli walizotoka zilikuwa na kabati la vitabu tu, na ufunguo anao mwalimu mkuu. Nilikuwa nikiwaeleza kwa projekta namba za Dewey, zile za kupanga vitabu rafuni kwa mada. Walisikiliza kwa adabu, wakaandika kila kitu, na wiki ya pili wakaja mezani kwangu: "Maalim, naomba unitolee kitabu." Sasa somo hilo nalifanyia ndani ya ulimwengu wa kompyuta, ambamo kila mmoja anaingia kwa simu yake na kutembea mwenyewe hadi kwenye rafu. Namwandikia mkutubi mwenzangu mwenye kompyuta moja ya kawaida na ruta.

Anza kwa kuchagua ulimwengu utakaobaki mikononi mwako. Wenzetu wa Marekani walitangulia: mwaka 2006 wakutubi wa Illinois walifungua kisiwa chao ndani ya Second Life, ulimwengu wa kompyuta ulio kwenye intaneti, wakajibu maswali na kuendesha masomo humo. Lakini Second Life inataka kompyuta yenye nguvu na intaneti isiyokatika. Hubs, ulimwengu mwingine wa namna hiyo wa Mozilla, ilikuwa nyepesi zaidi, ilianza 2018, na mwaka 2024 Mozilla wakaifunga huduma yao. Mimi natumia Luanti, programu ya kujenga dunia kwa matofali, ambayo hadi 2024 ikiitwa Minetest. Ni ya bure, kompyuta kuukuu inaimudu, simu za Android zinaipokea, na dunia yote uliyoijenga ni folda moja inayoingia kwenye flashi. Hilo la folda ndilo lililonivuta.

Intaneti utaihitaji siku ya kwanza tu. Pakua Luanti, kisha ndani yake pakua mchezo uitwao Minetest Game. Unda dunia mpya, washa hali ya ubunifu ili upate vifaa vyote bila kuvichimba, zima madhara ili mtu asife kwa kuanguka, na weka alama kwenye kiboksi cha kuendesha seva, yaani kompyuta yako iwapokee wengine. Windows ikiuliza kama iiruhusu programu hii kwenye mtandao, kubali. Usipokubali, simu za wanafunzi hazitaiona kompyuta yako. Wanafunzi nao wanajiunga na Wi-Fi ya ruta, wanaandika anwani ya kompyuta yako (mara nyingi inaanza na 192.168) na namba ya mlango 30000. Wagawie programu ya simu siku moja kabla, toleo moja kwa wote. Ruta iunganishe kwenye UPS (betri ya akiba) hata ndogo, maana umeme ukikatika laptopu ina betri yake na simu zina zake, inayozima ni ruta.

Kwenye kujenga ndiko nilikokosea. Mara ya kwanza nilijenga jengo la ghorofa nne lenye roshani pande zote, nikiwa na Beit al-Ajaib, lile jumba la Mji Mkongwe Unguja, kichwani. Nilikesha siku tatu. Kipindi kilipoanza, wanafunzi walipanda juu wakakaa huko saa nzima wakitazama mandhari, na hakuna hata mmoja aliyefungua kitabu. Nikabomoa. Pima chumba chako halisi cha maktaba kwa hatua, kila tofali moja lihesabu kuwa mita moja, na jenga chumba hichohicho: mlango ulipo, meza ya mkutubi ilipo, rafu zilivyopangana. Mwanafunzi akitoka kwenye simu akaingia maktaba ya kweli, miguu yake iwe tayari inaijua njia.

Kuta zijenge kwa jiwe na vibao viwe vya chuma, kisha zima ubunifu kabla ya darasa. Kwa mkono mtupu jiwe na chuma havivunjiki, na rafu yenye kitabu ndani haivunjiki pia. Mtukutu bado anaweza kubadili maandishi ya kibao, kwa hiyo nakili folda ya dunia kabla ya kila kipindi. Maandishi ya kibao huonekana mtu anapokielekea, basi kila rafu ipe kibao chake chenye namba.

Sasa somo lenyewe. Usiweke namba nyingi. Mimi nimeweka rafu nane, na nne kati yake nimezichagua kwa makusudi: 967.61 Uganda, 967.62 Kenya, 967.8 Tanzania, 967.81 Zanzibar. Ziangalie vizuri. Kila mwaka mwanafunzi aliyetumwa 967.62 anaipita rafu ya Kenya, anafika 967.8, anasoma, anaendelea upande wa kulia, kwa sababu kichwani mwake 62 ni kubwa kuliko 8. Mwaka huu nilimwona binti mmoja akisimama mbele ya rafu ya Zanzibar, mtu wake wa kwenye skrini ameutazama ukuta, haendi mbele wala nyuma. Nilitamani kumwambia, nikajizuia. Akarudi kibao kimoja, akarudi cha pili, kisha akasema kwa sauti darasa zima likasikia: "Kumbe baada ya nukta tunasoma tarakimu mojamoja!" Projekta ilinishinda kulifikisha hilo kwa miaka yote.

Ndani ya kila rafu mna nafasi 16 za vitabu, na kitabu kinaandikika. Kila kitabu nimekiandikia mistari miwili mitatu na namba ya rafu inayofuata, lakini namba siiandiki wazi. Naandika jina la mada, mwanafunzi aitafute kwenye katalogi ya maktaba halafu ndipo atembee. Cha mwisho kinamwambia aweke simu chini, ainuke, aende kuleta kitabu fulani halisi. Vitabu hivi huchukulika: kundi la kwanza liliondoka navyo mifukoni, la pili likakuta rafu tupu. Sasa kurudisha kitabu mahali pake ni sehemu ya alama. Na wanaokosa kipindi msimu wa karafuu, kwa kuwa wako shambani na wazazi wao, nafungua dunia ileile wakirudi, haijasogea hata tofali.

Nje ya mlango nimejenga baraza ya jiwe, na ningekushauri uijenge hata kama utaacha mengine. Kila Alhamisi saa kumi alasiri naiacha seva wazi, anayetaka anakaa hapo na kuuliza kwa maandishi. Wasiofungua midomo mezani kwangu ndio wanaoandika zaidi. Mmoja aliniuliza: "Maalim, huyu et al. ni nani, mbona ameandika vitabu vingi hivi?" Nikamjibu kuwa ni Kilatini, maana yake "na wenzake", na wengine watatu wakaandika kwamba nao walikuwa hawajui.

Waambie waingie kwa majina yao ya chuoni na wasiandike namba za simu. Swali likiulizwa mara mbili, liandikie kibao ulipachike ukutani barazani. Vyangu vimefika 11, na cha karibuni kinaeleza tofauti ya juzuu na toleo.